Mtungi wa Bwana Kikaango

Jina lake halisi hakuna aliyeliweza. Lilikuwa jina refu la kukwaruza koo, ukilianza asubuhi unalimaliza umekaukiwa. Basi watu wa Dodoma wakamwita Bwana Kikaango, kwa ajili ya kile kifimbo chake cha kuchezea tenisi, chenye mpini na duara la nyuzi, ambacho ukikiona kwa mbali utaapa mtu anakwenda kukaanga mayai. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma, mwaka ule wa pili tangu garimoshi la Wadachi, yaani Wajerumani, lifike. Akisema funga, mtu anafungwa. Akisema fungua, anafunguliwa. Na shida yote ya Anyesi ilikuwa hapo kwenye fungua.

Mumewe, Marko, alikuwa ndani wiki ya tatu sasa. Kosa lake? Aliwanywesha ng'ombe kwenye kisima cha reli. Kisima kile kilichimbwa kwa ajili ya garimoshi, kikazungushiwa seng'enge, na garimoshi likawa linakunywa humo kwa raha zake huku ng'ombe wa kijiji chao cha Nzuguni wanalamba mawe. Marko akasema, ah, chuma kinywe na kiumbe chenye roho kife? Akasogeza seng'enge. Askari Abbasi, mlinzi wa kisima, akamshika kabla ng'ombe hawajainua vichwa.

Kosa dogo, kila mtu alilijua hilo. Shauri lake lisingechukua hata muda wa kumumunya ubuyu mmoja. Lakini mashauri bomani yalisikilizwa Jumamosi asubuhi tu, na kila Ijumaa, saa nane mchana, jua likiwa limesimama wima kama mdai, Bwana Kikaango alikuwa akicheza tenisi yake.

Balaa lilianzia hapo. Ijumaa ya kwanza mguu wake uliingia kwenye ufa wa uwanja, kifundo kikavimba, Jumamosi akalala na mguu juu ya mto. Hakuna shauri. Ijumaa ya pili jua lilimpiga mpaka akatapikia viatu vya mgeni wake, Jumamosi akalala na kitambaa usoni. Hakuna shauri. Kisha Akida Mbwana, yule mtu wa pwani aliyekuwa mkono wa kulia wa boma, akatangaza sokoni kwamba Jumatatu garimoshi litawachukua wafungwa wote ambao mashauri yao hayajasikilizwa, wakabebe mataruma, yale mazito ya kulazia reli, huko njia ya Tabora inakojengwa. Waliokwenda huko kabla yao walirudi na bega moja limeshuka. Wengine hawakurudi na bega lolote.

Ilikuwa imebaki Jumamosi moja. Anyesi akaelewa jambo ambalo lilimchoma moyo na kumchekesha kwa pamoja: ili Marko arudi nyumbani, Bwana Kikaango lazima aamke mzima siku hiyo. Jamani! Mke wa mfungwa kuhangaikia afya ya aliyemfunga mumewe! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na Anyesi hakuwa mwanamke wa kukaa akishika tama.

Akaenda kwa Yahaya.

Yahaya alikuwa Mrangi wa Kondoa, boi wa Bwana Kikaango, mtu mwembamba mwenye kofia nyekundu aliyoipenda kuliko chakula. Alimkuta nyuma ya jiko akianika soksi za sufu, nzito kama blanketi.

"Mbukwa, mtani," Anyesi akamwamkia Kigogo.

"Aa, Mgogo! Leo umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kutazama kama umekufa. Siku ukifa nitalala ndani ya kaburi lako, sitoki mpaka ndugu zako wanipe beberu."

Wasishangae wasiojua. Wagogo na Warangi ni watani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya mkate mkononi, atakumwagia maji ya vyombo ukiwa umevaa kanzu ya Idi, nawe ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko boma.

"Niambie," Anyesi akasema, "Bwana wako anakunywa nini kabla ya kucheza?"

"Bia."

"Na katikati ya mchezo?"

"Upepo."

"Na akimaliza?"

"Bia. Maji hataki kuyasikia. Anasema maji katikati ya mchezo ni ya farasi. Alifundishwa jeshini kwamba mwanaume anayekunywa njiani hafiki."

"Huko kwao jua likoje?"

"Nasikia linatoka siku za sikukuu."

Anyesi alicheka kidogo tu. Alimweleza habari ya Jumatatu na mataruma. Alisema wazi kwamba anaogopa, kwamba hajalala, na kwamba nyumba bila Marko imekuwa kubwa mno. Yahaya akaacha soksi.

"Tufanyeje, sasa?"

"Tumchunge. Kwani mimi nimechunga nini maisha yangu yote? Mwezi huu wa Novemba kila mchungaji anajua: unatoka alfajiri, unakunywa kabla ya kiu, unalamba chumvi kidogo, jua likipanda unakaa kivulini. Ng'ombe wenyewe wanajua. Huyu wako ndiye pekee asiyejua."

"Na hamsa ishirini za kiboko zikija? Zitaangukia mgongo wangu, si wako!"

Anyesi akanyoosha mkono, akampokonya ile kofia nyekundu, akaivaa yeye. "Utaipata Jumamosi, shauri likisikilizwa." Yahaya alifungua kinywa kugomba, akakumbuka utani, akakifunga. Wee! Alikuwa amenaswa.

Kazi ikaanza. Kwanza nyufa. Anyesi akaja na wanawake wa Nzuguni, vikapu vya udongo wa kichuguu vichwani na mavi ya ng'ombe mabichi, wakaupiga uwanja ule kama wanavyopiga sakafu za tembe zao, wakakanyaga wakiimba, wakaulainisha mpaka ukang'aa. Bwana Kikaango alitoka na kitambaa puani kuuliza kuna nini. Akida Mbwana, ambaye hakuambiwa lolote ila alipenda kuonekana anajua kila kitu, akamjibu kwamba raia wanaonyesha heshima. Bwana akaridhika. Kwa siku mbili boma zima lilinuka zizi.

Kisha viatu. Bwana alichezea mabuti yenye misumari, na mtu akigeuka ghafla na misumari, mguu hubaki nyuma mwili ukitangulia. Yahaya akayaweka mabuti juu ya kichuguu kilicho hai, yakalala huko. Asubuhi akampelekea Bwana ngozi mbili zenye matundu, uso umejaa msiba. "Mchwa, Bwana. Nchi hii haina adabu." Vikabaki viatu vyepesi vya turubai. Akaona amefaulu, akajaribu kurudisha nyuma mishale ya saa ya ukutani ili mchezo uanze jua likishalegea. Garimoshi likapiga honi kwa saa yake, likamsuta peupe.

Lakini maji! Maji ndiyo yaliyowashinda. Yahaya alitengeneza jagi la maji ya ubuyu, akatia asali na chumvi kidogo, kama Anyesi alivyomwelekeza. Bwana alinusa, akammiminia mbwa wake. Akaletewa tena, akammiminia tena. Kufika Alhamisi mbwa yule alikuwa ndiye kiumbe mwenye afya kuliko wote Dodoma, anakimbiza kunguru mchana kutwa, na Bwana wake bado anakunywa bia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa ikafika. Mgeni wa mchezo alikuwa fundi mkubwa wa reli, Mdachi mnene mwenye kucheka ovyo, na watu walijaa kandokando kutazama wazungu wawili wakigombea kampira kamoja kama kwao hakuna kengine. Anyesi alikaa mbele kabisa na mtungi wake umejaa. Yahaya, aliyekuwa akiwatupia mipira, alianza kwa kumtupia Bwana ya polepole na ya kando, ati mkono umeteguka, ili Bwana ajinyooshenyooshe na miguu ipate moto kabla ya kukimbia. Bwana alimtukana, lakini alijinyoosha.

Fundi wa reli alikuwa mnene wa mwili tu, si wa akili. Kila wakipumzika alijivuta kivulini, akavuta kofia pana machoni, akanywa jagi la ubuyu, lake na la Bwana. Mbwa alimtazama kwa chuki. Bwana Kikaango hakupumzika. Alisimama katikati ya uwanja kichwa wazi, mikono kiunoni, akimngoja kama mtu anayengoja haki yake. Akashindwa mchezo wa kwanza. Akataka wa pili. Akashindwa. Akataka wa tatu, na fundi alipoonyesha kidole juu kwenye jua, Bwana akapiga mguu chini.

Anyesi hakuwa akitazama mpira. Alikuwa akitazama shati. Mwanzoni lilikuwa limelowa mgongo mzima. Sasa lilikuwa kavu, lina mistari myeupe ya chumvi. Uso uliokuwa mwekundu ulikuwa unageuka rangi ya majivu. Bwana akacheka peke yake. Akapiga kikaango chake hewani, mpira ukiwa bado uko kwa mwenzake.

"Yahaya!" Anyesi akaita. "Jasho limemwisha!"

"Naona!"

"Ataanguka!"

"Naona, nakwambia! Nifanye nini, nimbebe?"

Anyesi aliona Jumamosi ikimponyoka tena. Aliona garimoshi la Jumatatu na Marko ndani yake. Liwalo na liwe. Akajitwika mtungi, akakatiza uwanja mbele ya macho ya boma zima, akafika mpaka alipo mkubwa wa Dodoma na viunga vyake vyote, akammwagia maji kichwani, yote, mpaka tone la mwisho.

"Pokea, mtani!" akasema, maana hakupata neno lingine.

Hata mbwa akakaa chini. Bwana Kikaango alisimama akichuruzika, macho yamemtoka, kisha akaporomoka, akakaa juu ya ule udongo waliouponda wanawake. Yahaya na fundi wakamkokota kivulini. Fundi akamfungua vifungo, akamshikia jagi mdomoni, na safari hii Bwana alikunywa. Akanywa jagi, akanywa la pili. Rangi ikamrudia usoni, na ilipomrudia, hasira nazo zikarudi nayo.

Akanguruma kwa lugha yake. Yahaya akatafsiri, uso mkavu kabisa: "Bwana anasema mwanamke huyu afungwe. Shauri lake kesho asubuhi, la kwanza."

Kesho asubuhi! Abbasi alimshika mkono akidhani atalia. Anyesi moyoni alikuwa anapiga vigelegele.

Walimfungia stoo ya mahindi, ukuta mmoja na mahabusu ya wanaume. Hakukaa sana, sauti ikatoka upande wa pili.

"Anyesi? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umefanya nini?"

"Nimemwogesha Bwana mkubwa."

Marko alisogea karibu na ukuta. Kisha akasema, "Na ng'ombe nani anao?"

"Dada yako."

"Uwii, atawapoteza." Kisha akauliza: "Umekula lakini?"

Ni hilo la kula ndilo lililomvunja. Aliweka kipaji cha uso ukutani akalia, na alipoulizwa kama analia akasema hapana, ni maji ya mtungi bado yanamchuruzika.

Jumamosi Bwana Kikaango aliamka mzima. Mzima kabisa! Kichwa hakikumuuma, miguu haikukaza, akatembea kwenda barazani akipiga mluzi, na kikaango chini ya kwapa. Anyesi, amesimama kati ya askari, alikiona kile kikaango mara moja.

Bwana alizungumza, Akida Mbwana akatafsiri. Fundi wa reli amemshauri vizuri, alisema. Asubuhi hewa ni ya baridi, mtu anaweza kucheza bila kuumia. Kwa hiyo atamhukumu mwanamke huyu upesi, na mashauri mengine yangoje wiki ijayo, maana anataka kuwahi kabla jua halijapanda.

Haya tena! Dawa yake mwenyewe imemgeukia. Amemponya mtu, na mtu amepona hata kazi haitaki. Anyesi akageuka kutafuta wa kumsaidia. Alimtazama Yahaya, Yahaya akatazama chini. Alitazama wazee wa baraza waliokaa mkekani, Wagogo wenzake, na hapo ndipo akili ikamjia.

"Bwana," akasema, "siwezi kujibu."

"Kwa nini huwezi?"

"Kwetu kosa la mke hujibiwa na mume. Mbuzi ni wa mume, ng'ombe ni wa mume. Ukinitoza mimi utapata nini? Mtungi? Nao nimekwisha umwaga."

Bwana akageukia wazee. Wazee wakatikisa vichwa kwa uzito mkubwa. Ni kweli, walisema, ndiyo desturi, tangu enzi na enzi. Mmoja akaongeza kwamba kumhukumu mke mumewe asiwepo huleta ukame, jambo ambalo hata wenzake hawajawahi kulisikia, lakini walitikisa tu.

"Basi mume aitwe!" Bwana akasema, akichungulia jua.

"Yuko ndani, Bwana," Akida Mbwana akajibu.

"Ndani wapi?"

"Ndani mwako."

"Kwa kosa gani?"

Akida akakohoa. "Alinywesha ng'ombe kisima cha reli."

"Nani aliyemweka muda wote huu bila shauri?"

Akida alitazama dari. Wazee walitazama dari. Hata Bwana Kikaango, baada ya kufikiri kidogo, aliona dari lile lina mambo ya kutazamwa.

Marko akaletwa, amekonda, ndevu zimemjaa, mnyororo shingoni. Bwana akapunga mkono: kwa ng'ombe wale amekwisha kulipa na zaidi, fungueni. Mnyororo ukaanguka sakafuni. Anyesi alitamani kuuimbia. Lakini Bwana alikuwa ameinama mbele kwenye kiti.

"Sasa mjibie mkeo. Kwa nini amenimwagia maji?"

Marko alijua tu kwamba amemwogesha, sababu hakuijua. Alimtazama mkewe, akamtazama Bwana, akakuna ndevu.

"Bwana," akasema, "mke wangu huyu ni mchoyo wa maji. Mimi mumewe hanipi hata ya kunawa miguu. Akikumwagia wewe mtungi mzima, basi ujue alikuona uko mlangoni mwa kaburi."

Fundi wa reli, aliyekuja kungoja mchezo, akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. Bwana alikunja uso. Kisha akajipapasa shingo pale maji yalipopita jana, na uso ukakunjuka kidogo.

"Na huko ndani," Marko akaendelea, maana kinywa kikishafunguka ni kazi kukifunga, "wamebaki wenzangu. Nao wana wake. Na wake zao wana mitungi."

Bwana Kikaango aliruka kama ameng'atwa na siafu. Waletwe wote! Akasikiliza mashauri yao akiwa amesimama, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, fungua, fungua, huyu faini ya kuku, fungua. Kisha akamnyooshea Anyesi kikaango. Hukumu yake ni hii: kila siku ya mchezo ataleta maji uwanjani, mpaka mvua zinyeshe.

"Nitayatoa wapi, Bwana? Nzuguni hakuna maji."

"Kisima cha reli!"

"Ni mbali, na mimi nina kichwa kimoja. Labda nibebeshe wanyama."

"Bebesha!"

"Na mnyama anayebeba maji, Bwana, afe na kiu?"

Bwana alikuwa amekwisha shuka ngazi. "Anywe, anywe! Kila mnyama anayebeba maji ya uwanja ana ruksa kunywa! Akida, umesikia!" Akakimbia kwenda kucheza, na Anyesi akamrudishia Yahaya kofia yake, akamtwanga nayo kichwani kwanza.

Jumatatu asubuhi garimoshi lilipiga honi, likaondoka kuelekea Tabora bila wafungwa. Abbasi alikuwa kwenye zamu yake kisimani alipoona vumbi upande wa Nzuguni. Vumbi likakaribia, likawa pembe, likawa migongo. Ng'ombe! Ng'ombe wa Marko, wa jirani zake, wa watu ambao Abbasi hakuwajua, na kila mmoja amefungiwa kibuyu shingoni. Vingine vibuyu vya kweli. Vingine vidogo kama yai. Ndama mmoja alivaa ganda la ubuyu lenye tundu. Mbele yao walitembea Marko na Anyesi, taratibu, kama watu wanaokwenda kanisani.

"Nini hii?" Abbasi akauliza.

"Wapagazi wa serikali," Marko akasema.

Abbasi alitazama boma. Kutoka uwanjani, ambako sasa alicheza kila asubuhi, sauti ya Bwana Kikaango ilikuwa inasikika, anaita maji, maji yako wapi! Abbasi akaishika ile seng'enge kwa mikono yake mwenyewe, akaisogeza.

"Polepole," akawaambia ng'ombe. "Msisukumane."

Wakapita mmoja mmoja, vibuyu vikigongana. Nyuma kabisa alikuja ng'ombe mzee, mbavu nje, ambaye kibuyu chake kilikuwa kimekatika njiani. Alisimama mbele ya askari, akaangalia maji. Abbasi akaangalia huku, akaangalia kule, akaifungua chupa yake ya maji kutoka kiunoni, akamfungia shingoni.